NCHI JIRANI: Fungu la Kaunti na Daftari la Hazina



Askari yeyote aliyepata kukaa katika kikosi kilicho mbali na makao makuu anajua jambo moja ambalo halihitaji kufundishwa darasani. Posho ikichelewa, nidhamu ya kikosi hutikisika. Na posho ikifika kwa wakati, lakini mtunza bohari akawa hana daftari, nidhamu hutikisika vile vile. Kamanda mwenye busara hamwulizi mtunza bohari hesabu ya vitu ambavyo hakuvipeleka. Wala hapeleki vitu kwa mtu asiyeweza kutoa hesabu.

Kanuni hiyo ya kambini ndiyo inayotawala pia uhusiano wa fedha kati ya serikali kuu na serikali za chini yake. Leo tunapenda kuitazama katika nchi ya ndugu zetu wa Kenya, ambao tangu mwaka 2013 wamekuwa wakiendesha mpango mkubwa wa kugawana mapato ya taifa. Hatusemi haya kwa nia ya kuingilia mambo ya ndani ya jirani. Tunayasema kwa sababu jirani akijenga nyumba yake, mwenye busara hutazama jinsi anavyopanga mawe, ili ajue lipi la kuiga na lipi la kuepuka.

Kwanza tutazame walikotoka. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa na katiba ya majimbo, yaani kila jimbo likiwa na mamlaka yake. Katiba hiyo haikudumu. Ilipofika mwaka 1964, nchi ikawa jamhuri na madaraka yakavutwa Nairobi. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wa sera ambao, pamoja na mambo mengine, ulieleza kuwa fedha za maendeleo zipelekwe zaidi katika sehemu zitakazoleta mavuno makubwa na ya haraka. Maana yake kwa vitendo ilikuwa kwamba nchi yenye mvua, mashamba na reli ilizidi kupata, na nchi kavu za kaskazini zikazidi kungoja. Kisha ikapitishwa sheria ya mwaka 1969, na kuanzia mwaka 1970 shule za msingi, huduma za afya na barabara ziliondolewa katika halmashauri za wilaya na kuwekwa chini ya serikali kuu.

Halmashauri zikabaki na jina na majengo, lakini kazi na mapato vimeondoka. Zilitegemea ushuru wa masoko, leseni na kodi za majengo. Nyingi zilishindwa hata kulipa mishahara kwa wakati. Ndipo mwaka 1998 ikatungwa sheria ya kuanzisha mfuko wa kuzipelekea serikali za mitaa asilimia 5 ya kodi ya mapato. Sheria hiyo iliweka sharti jema, kwamba halmashauri isiyowasilisha hesabu zake isipate fungu lake lote. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kwa mgawo na daftari kufungwa pamoja.

Lakini chungu cha manung'uniko kilikuwa kimekwisha chemka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kulizuka machafuko ambayo yaliua watu zaidi ya 1,000 na kuwafukuza wengine wengi makwao. Waliotafuta chanzo chake walitaja mengi, na mojawapo ni hisia kwamba aliyekalia kiti cha juu ndiye anayeamua ni wilaya gani ile na ni wilaya gani ilale njaa. Katiba mpya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilikusudia kuondoa hisia hiyo. Halmashauri 175 za zamani zikafutwa, na mahali pake, baada ya uchaguzi wa Machi 2013, pakasimama serikali 47 za kaunti, kila moja ikiwa na gavana wake na bunge lake.

Sasa tueleze jinsi fedha zinavyotembea, maana hapo ndipo penye somo.

Kodi kubwa zote, yaani kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa, hutozwa na serikali kuu. Kaunti zimeachiwa kodi ya majengo na ardhi, kodi ya burudani, na ada za huduma. Kwa hiyo kazi zimepelekwa chini, kama vile hospitali, zahanati, kilimo, masoko na barabara za mitaani, lakini mifereji mikubwa ya mapato imebaki juu. Katika mwaka wa fedha 2022/23 kaunti zote 47 zilipewa na Hazina shilingi za Kenya bilioni 370 kama mgawo wao, na fedha walizokusanya zenyewe hazikufika bilioni 40. Mtu anayepata chakula chake kutoka kwa mwingine kwa kiasi hicho hawezi kutulia mpaka ajue kipimo na siku ya kupimiwa.

Katiba ikaweka kipimo. Kila mwaka mgawo wa kaunti zote usipungue asilimia 15 ya mapato yaliyokusanywa na serikali kuu. Tume maalumu ya ugavi wa mapato hushauri kiasi kinachofaa. Bunge la Taifa na Seneti hupitisha muswada wa kugawa mapato kati ya ngazi mbili za serikali, kisha muswada wa pili wa kugawa fungu la kaunti kati ya kaunti zenyewe. Katika mwaka wa kwanza, 2013/14, fungu hilo lilikuwa shilingi bilioni 190. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 lilipangwa kuwa bilioni 415.

Kuzigawia kaunti moja moja hakufanywi kwa kukisia. Kanuni ya kwanza ilipima idadi ya watu kwa asilimia 45, sehemu sawa kwa kila kaunti asilimia 25, umaskini asilimia 20, ukubwa wa ardhi asilimia 8, na asilimia 2 kwa uangalifu katika fedha. Askari anaweza kuielewa kanuni hii upesi. Ni kama ofisa ugavi anayegawa vyakula kwa malindo kadhaa. Atahesabu watu kwanza, lakini pia atakumbuka kwamba lindo lenye watu kumi lililoko jangwani linahitaji maji na mafuta ya gari kuliko lenye watu kumi lililo kando ya mji. Zaidi ya hayo upo mfuko wa usawazishaji, wa nusu ya asilimia moja ya mapato, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza, mgawo. Sehemu ya pili ni daftari, na hapa Wakenya walijenga milango minne.

Mlango wa kwanza ni bunge la kaunti, ambalo lazima lipitishe bajeti kabla ya senti kutumika. Mlango wa pili ni Mdhibiti wa Bajeti. Huyu ni ofisa wa katiba, si mtumishi wa gavana wala wa Waziri wa Fedha. Fedha za kaunti hukaa katika mfuko wake ndani ya Benki Kuu, na haziwezi kutolewa mpaka Mdhibiti aridhike kwamba matumizi yameruhusiwa na sheria. Mlango wa tatu ni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye anatakiwa kukagua na kutoa taarifa katika muda wa miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha. Mlango wa nne ni Seneti, ambayo huwaita magavana kujibu hoja za ukaguzi.

Tena sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 na kanuni zake za mwaka 2015 zimeweka mipaka. Asilimia 30 ya bajeti, kwa uchache, iende katika maendeleo. Mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kaunti haiwezi kukopa pasipo dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge lake. Na kaunti ikivunja sheria za fedha vibaya, Waziri wa Fedha anaweza kusimamisha fedha zake. Lakini yeye naye amefungwa kamba: hawezi kuzuia zaidi ya nusu, wala kwa zaidi ya siku 60, na lazima Bunge liridhie. Mwenye kufunga bomba naye ana mlinzi wake.

Ndugu wasikilizaji, kwa maandishi huo ni mpango uliopangika. Basi kwa nini kumekuwa na kelele kila mwaka?

Sababu ya kwanza ni kipimo chenyewe. Ile asilimia 15 haipimwi juu ya mapato ya mwaka huu, bali juu ya mapato ya mwaka wa mwisho ambao hesabu zake zimekaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuzikubali hesabu, mzani unabaki na mawe ya zamani. Fungu la bilioni 370 la mwaka 2021/22 lilielezwa kuwa ni asilimia 27.3 ya mapato. Ni kweli, lakini yalikuwa mapato ya mwaka 2016/17. Katika miaka mitano kodi zilikuwa zimekua na bei zimepanda. Yule anayegawa husema ametoa zaidi ya robo. Yule anayepokea huona amepata chini ya hapo. Na wote wawili wanasoma kitabu kimoja.

Sababu ya pili ni kuchelewa. Katiba inasema mgawo upelekwe pasipo kukawia na pasipo kukatwa. Mwaka 2019 Bunge la Taifa na Seneti zilivutana kuhusu kiasi. Moja ikishikilia bilioni 316.5, nyingine bilioni 335. Mwaka wa fedha ulianza Julai pasipo sheria ya kugawa, na suluhu ikapatikana Septemba kwa bilioni 316.5. Mwaka uliofuata, 2020, Seneti yenyewe ilikwama kuhusu kanuni mpya ya kuzigawia kaunti. Wenye kaunti za watu wengi walidai mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Wenye kaunti pana za nchi kavu walijibu kwamba shilingi haina nguvu sawa mahali ambapo zahanati moja iko mwendo wa siku nzima kutoka nyingine. Vikao vilivunjika mara kwa mara. Mwezi Agosti maseneta watatu walikamatwa na polisi siku ya kikao, na ubishi wa fedha ukageuka kuwa ubishi juu ya polisi. Suluhu ya Septemba 2020 ilipatikana kwa ahadi ya kuongeza fungu lote mpaka bilioni 370 mwaka uliofuata, ili pasiwe na kaunti itakayopungukiwa.

Sababu ya tatu iko ndani ya kaunti zenyewe, nayo haifai kufichwa. Kaunti nyingi zimevuka mpaka wa asilimia 35 wa mishahara, na nyingi zimetumia chini ya asilimia 30 kwa maendeleo. Taarifa za Mdhibiti wa Bajeti zimerudia mara nyingi kulalamikia fedha za safari na posho za vikao. Na ubaya zaidi ni madeni ya makandarasi na wauzaji wa bidhaa. Mtu amejenga darasa la chekechea, au amepeleka dawa hospitalini, na hati yake ya malipo inalala mezani mwaka mmoja hata miwili. Mwaka 2023 na mwaka 2024 madeni ya namna hiyo katika kaunti yalipita shilingi bilioni 150. Nyuma ya tarakimu hizo wako watu waliokopa benki kwa kuweka rehani nyumba zao wakiamini neno la serikali.

Hapa ndipo kila upande hutupa lawama kwa mwenzake. Gavana husema Hazina imechelewesha. Hazina husema gavana ameajiri jamaa zake. Mara nyingi wote wawili wana sehemu ya ukweli, na hilo ndilo linalowapa nafasi ya kukwepa. Fedha zikichelewa, mtumizi mbaya anapata mahali pa kujificha. Na mtumizi mbaya akionekana, mcheleweshaji anapata kisingizio cha kushikilia fedha.

Sababu ya nne ni amri zinazotoka juu na gharama zinazoangukia chini. Mwaka 2013 wizara iliweka saini mkataba wa mishahara na chama cha madaktari, wakati ambapo hospitali zilikuwa zikihamia kaunti. Swali la nani alipe halikujibiwa vizuri. Desemba 2016 madaktari waligoma, na mgomo ukadumu mpaka Machi 2017, siku 100. Mwaka 2015 serikali kuu ilikodi mitambo ya hospitali kwa ajili ya kaunti, na malipo yake yakatolewa katika fedha zilizotengwa kwa kaunti hizo. Baadhi ya mitambo ilikaa pasipo umeme wa kutosha au pasipo mtaalamu wa kuiendesha. Aliyelipa hakuwa amechagua, na aliyechagua hakuwa analipa.

Ndugu askari, pengine mtauliza: mambo haya ya vitabu vya hesabu yanatuhusu nini sisi? Katika Kenya ulinzi na polisi ni kazi za serikali kuu, na kaunti zina askari wa kusimamia sheria ndogo ndogo tu. Lakini tazameni mambo yalivyokwenda.

Katika kaunti ya Makueni, gavana na bunge lake walishindwa kuelewana juu ya bajeti. Septemba 2014 ubishi huo ulifika mahali ambapo risasi zilifyatuliwa katika ofisi za kaunti mjini Wote na watu kadhaa wakajeruhiwa. Tume iliyochunguza ilipendekeza serikali ya kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuisimamisha, akawaacha wapatane. Vilevile mwezi Juni 2024 muswada wa kodi uliamsha maandamano makubwa. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu walipoteza maisha, na jeshi likaitwa kuwasaidia polisi. Muswada uliondolewa, na upungufu wa mapato uliofuata ukashuka mpaka katika kaunti: fungu la mwaka 2024/25 lililokuwa bilioni 400.1 likajadiliwa upya na kuishia bilioni 387.4.

Kwa hiyo askari huitwa mwisho, lakini kosa lilianza zamani, pale mtu alipotia saini asipopaswa kutia, au aliposhikilia saini aliyopaswa kuitia. Polisi anayepanga mstari mbele ya hospitali yenye mgomo analinda lango ambalo mhasibu alilivunja.

Upo na mfano unaowahusu wanajeshi moja kwa moja. Februari 2020 gavana wa Nairobi alikabidhi kwa serikali kuu kazi za afya, usafiri, ujenzi na mipango ya mji. Chombo kipya kiliundwa, na mwezi Machi akawekwa Meja Jenerali Mohamed Badi kukiongoza. Barabara zilitengenezwa na zahanati zikajengwa katika mitaa ya maskini. Lakini mvutano juu ya nani apitishe na nani atoe fedha za kazi hizo haukukoma, na Septemba 2022 muda wa chombo hicho ulipokwisha, kazi zilirudi kaunti. Nidhamu ya kijeshi inaweza kuharakisha kazi. Haiwezi kujibu swali la fungu ni la nani na hesabu apelekewe nani.

Na Makueni ile ile iliyosikia milio ya risasi ndiyo iliyotoa somo jema. Baadaye kaunti hiyo ilijulikana kwa utaratibu wa kamati za wananchi zinazosimamia miradi ya vijiji vyao. Mkandarasi halipwi mpaka kamati ya wenyeji ikubali kwamba kazi imekamilika. Mwanakijiji anayejua bei ya mfuko wa saruji, na anayepita mbele ya jengo kila siku, hadanganyiki kwa urahisi kama mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka.

Kwetu Tanzania historia ni nyingine, lakini maswali ni yale yale. Tulivunja halmashauri za wilaya mwaka 1972 katika mpango wa Madaraka Mikoani, tukatunga sheria za kuzirudisha mwaka 1982, na mwaka 1984 zikaanza tena kazi. Kodi ya maendeleo ya kichwa iliondolewa mwaka 2003. Jirani zetu wa Uganda nao waliondoa kodi yao ya namna hiyo mwaka 2005. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki, kwa kuwa wengi walikuwa wakikimbizwa na mgambo kwa kodi hizo. Lakini katika nchi zote mbili halmashauri zilizidi kuitegemea Hazina, na tegemeo likizidi, ndipo umuhimu wa kipimo kinachojulikana, siku inayojulikana na daftari lililo wazi unapozidi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mambo ya Kenya yanatuonyesha kwamba daftari hilo lina kurasa mbili. Ukurasa mmoja ni wa yule anayetumia fedha kule chini, aonyeshe kila senti ilikokwenda. Ukurasa wa pili ni wa yule anayezituma kutoka juu, aonyeshe kiasi gani, kwa kipimo gani, na siku gani. Ukisoma ukurasa mmoja tu, utamhukumu asiye na kosa. Na mahali ambapo kurasa zote mbili zimeandikwa sawasawa, askari hubaki na kazi yake halisi ya kulinda mipaka na raia, wala haitwi kuamua kwa rungu jambo ambalo lilipaswa kuamuliwa kwa kalamu.